Jina Lililosomwa Upande wa Wafu

Ofisi ya Jarida, ghorofa ya tatu, chumba cha karibu na ngazi
Kitivo cha Teolojia ya Kiorthodoksi, Lunca Mare
Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Kwa Baba Profesa Casian Vulpescu,
Mkuu wa Kitivo na Mhariri Mkuu wa jarida la Altare na Kumbukumbu

Mheshimiwa Baba,

YAH: MAELEZO YANGU KUHUSU MTU HAI ALIYESOMWA MIONGONI MWA WAFU, PAMOJA NA MALALAMIKO MACHACHE

Kwanza naomba radhi kwa urefu wa barua hii. Fomu ya maelezo uliyonipa Jumatatu ina mistari minane tu, nami nimejaribu mara tatu kujibana humo nikashindwa. Naomba radhi pia kwa kuingiza malalamiko ndani ya maelezo. Mama yangu, niliyemsomea rasimu kwa simu, alinikataza kabisa. "Ilinca," aliniambia, "usijitie kimbelembele. Andika umekosa, lia kidogo mbele ya Padri, yaishe. Mkataba wako unakwisha Desemba, au umesahau?" Sijasahau, Baba. Kila mstari wa barua hii nimeuandika nikiwa nakumbuka.

Fomu yenyewe nimeijaza na nimeiambatanisha. Ilitoka kwenye droo ya chini ya kabati la chuma, ambako zimebaki nyingi tangu enzi za udikteta, na karatasi zake zimekuwa za manjano. Palipoandikwa "Nani wengine walikuwepo, na walisema nini?" nimejaza hivi: Watu kama arobaini. Walisema, "Bwana, hurumia."

Kwa faida ya wajumbe wa Bodi ambao hawakuwepo kanisani, naeleza kilichotokea. Jarida letu hutoka mara mbili kwa mwaka na huchunguza alama ambazo udikteta umeacha katika imani, sanaa na mazoea ya watu wetu. Kwa agizo lako, kabla ya kila toleo kwenda kiwanda cha chapa, waandishi wetu huombewa katika kanisa dogo la Kitivo, na toleo la vuli huangukia Jumamosi ya Wafu. Karani, yaani mimi, hupeleka altareni karatasi ya majina: juu Walio Hai, chini Waliolala. Huandikwa majina ya ubatizo tu, bila ukoo, kama ilivyo desturi. Jumamosi iliyopita, badala ya waandishi wetu marehemu, Baba Ilarion, padri wa kanisa hilo, alisoma upande wa Waliolala majina kumi na moja ya watoa habari wa polisi wa siri wa zamani, kila moja likifuatwa na jina lake la siri. La saba lilikuwa "Grigore, Mwenge." Hapo Profesa Mstaafu Grigore Anghelide, mwenyekiti wa Bodi ya Ushauri ya jarida, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele na mshumaa mkononi, akapaza sauti:

"Mimi mzima! Baba, mimi mzima, nifute!"

Naye Baba Ilarion, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akamjibu: "Subiri zamu yako, Profesa. Walio hai tutawafikia."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa hoja zangu.

1. Kuhusu folda. Mezani kwangu kuna folda mbili za kijani. Ya kwanza ina majina ya waandishi wetu waliofariki. Ya pili ina makala ya Mwalimu Veturia Hoanca, iitwayo "Parokia Moja na Masikio Kumi na Moja", pamoja na kiambatisho chake cha majina. Mwalimu Veturia ana miaka sabini na minane. Alifundisha watoto wa madarasa ya chini huko milimani kwa miaka thelathini na sita, kwa sababu binti wa padri aliyefungwa hakuruhusiwa kufundisha mjini. Baba yake, Padri Nicodim, alichukuliwa na watu wa Usalama mwaka 1958 na hakurudi. Majalada ya polisi wa siri yalipofunguliwa, Mwalimu alipanda treni mara kumi na tisa kwenda Bucharest kusoma jalada la baba yake. Alinakili kila taarifa iliyoandikwa juu yake, na jina la kila aliyeiandika.

Makala hiyo iliingia ofisini kwetu miaka minne iliyopita. Imerudishwa kwake mara nne. Kila ikirudi kwetu naihifadhi mimi, katika folda ya kijani, kwa kuwa nyekundu ni za makala zilizokubaliwa. Mara ya mwisho Mwalimu alipoileta, alikaa kwenye ngazi nje ya mlango wangu kwa muda mrefu, maana mapafu yake hayamruhusu tena kupanda ghorofa tatu kwa pamoja, na daktari hamhesabii zaidi ya Pasaka. Nilimpelekea maji. Akaniambia: "Binti yangu, mimi simtafuti mtu nimpeleke mahakamani. Nataka tu jina litajwe mahali watu wamesimama na wanasikia. Basi." Nilimwahidi kwamba jarida linalishughulikia. Hilo ni jibu ambalo nimeagizwa kumpa kila mtu.

Folda za kijani zinafanana. Nilikuwa na haraka. Nikapeleka majina ya folda ya pili badala ya ya kwanza. Haya ndiyo maelezo yangu rasmi na nayatia sahihi.

2. Kuhusu Baba Ilarion. Naomba asilaumiwe kwa lolote. Ana miaka themanini na mmoja, na husoma kila kilichoandikwa, kwa sauti ileile, mpaka karatasi iishe. Mwaka juzi mama mmoja aliandika marehemu wake kwenye karatasi aliyokuwa ameanza kuandikia mahitaji ya sokoni, na kanisa zima likaombea vitunguu kilo mbili na chupa ya siki. Tuliitikia "Bwana, hurumia" kama kawaida. Hakuna aliyeandikiwa fomu.

3. Kuhusu mwenendo wa Profesa Anghelide wakati wa ibada. Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza, na ninayaandika kwa heshima zote anazostahili.

Grigore ni jina la nusu ya babu wa mji huu. Kanisani siku ile walikuwepo akina Grigore wanne ninaowafahamu, mmoja wao fundi bomba aliyekuja kuangalia mabomba ya joto akaona aibu kutoka katikati ya ibada. Baba Ilarion alipotamka "Grigore, Mwenge," watatu kati yao waliitikia "Bwana, hurumia" na mambo yakawa shwari. Hata mwenye jina alikuwa salama. Kumi na mmoja walikuwa wanapita mmoja baada ya mwingine, polepole, kwenye moshi wa ubani, na hakuna aliyekuwa anawajua wala kuwauliza chochote. Laiti Profesa angenyamaza, tungefika mwisho, tungeimba kumbukumbu ya milele, na mimi leo ningekuwa nabandika stempu kwenye bahasha.

Lakini Profesa alijibu. Namba 12 ya Kanuni za Jarida, ambayo yeye mwenyewe aliiandika na kuitetea vikaoni miaka miwili, inasema wazi: jina la siri lisihusishwe na mtu aliye hai bila ridhaa yake ya wazi na bila vyanzo viwili vinavyojitegemea. Profesa amelihusisha jina la siri na mtu aliye hai, hadharani, bila kuiarifu Bodi. Naomba naye apewe fomu. Zipo nyingi kwenye droo.

Pia kuna la ngano. Baada ya ibada, Bibi Zamfira wa jikoni, aliyeichemsha ngano ya wafu, ile tamu inayoliwa kuwakumbuka marehemu, na kuipamba msalaba kwa peremende, aligawa vikombe mlangoni. Alimpa Profesa na kumwambia, kama wanavyoambiwa wote, "Pokea, Profesa, ni ya marehemu wetu." Profesa akajibu kwa mazoea, "Mungu awasamehe," akala kijiko kimoja, halafu akasimama na kijiko mdomoni. Bibi Zamfira akamwangalia. "Kula tu, Profesa," akamwambia. "Si kila mtu anabahatika kuonja ya kwake." Watu walicheka, nami nilikuwa mmoja wao. Naandika hili kwa sababu fomu inauliza kama niliguswa na majuto papo hapo. Niliguswa baadaye, nilipofika kwenye ngazi, nikakaa palepale alipokaa Mwalimu.

4. Hoja ya nne nimeifuta baada ya kuisoma upya. Naomba radhi kwa wino uliochafuka.

5. Kuhusu shitaka lenyewe. Jumatatu saa tatu asubuhi ulinisimamisha mbele ya meza yako, Baba, na ukaniambia maneno haya, ambayo nimeyaandika ili nisiyapotoshe: "Binti, unajua ulichofanya? Umemsoma mtu hai kwa wafu! Mtu ana moyo mbovu! Mke wake hajalala tangu Jumamosi, anasikia anaitwa kila upepo ukigonga dirisha!" Nilisimama nikisubiri uniulize juu ya neno la pili, lile lililofuata baada ya Grigore. Hukuliuliza. Siku zote hizi nne hakuna hata mmoja ofisini aliyeliuliza. Walimu wawili wamenisimamisha kwenye korido kunilaumu kwa kumtakia mzee kifo. Mwimbaji wa kanisa amenitetea, akasema kwamba kwao, ukimsoma mtu hai kwa wafu, anaongezewa miaka saba. Basi mjadala wa Kitivo chetu cha Teolojia, kitivo chenye madaktari kumi na wanne wa falsafa, umebaki kuwa huo: je, Profesa atakufa mapema au atachelewa?

Kwa kuwa shitaka ni hilo tu, yaani kumweka mtu upande usio wake wa karatasi, naomba nitaje tukio kama hilo lililowahi kutokea, maana tumefundishwa kwamba hoja isiyo na mfano wa nyuma ni maoni.

Padri Nicodim Hoanca alipochukuliwa, familia haikuambiwa yuko wapi. Mkewe alimwandika upande wa Walio Hai. Kila Jumapili alipeleka karatasi, na kila Jumapili Nicodim akasomwa pamoja na walio hai, aombewe afya, nguvu na safari njema. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1959, na 1960, na 1961. Mwalimu Veturia anasema kuna mwaka mama yake aliongeza pembeni "na meno yake," kwa sababu Padri alikuwa na jino bovu siku alipochukuliwa. Mwaka 1964 wafungwa walipoachiliwa, mama na binti walikwenda stesheni siku tisa mfululizo na mkate na koti lake la baridi. Siku ya kumi ilikuja karatasi. Padri alikuwa amekufa Februari 1959, kwa ugonjwa wa mapafu. Kwa miaka mitano na miezi kadhaa mtu mfu alisomwa kwa walio hai.

Nimetafuta katika nyaraka zote tulizo nazo, Baba, na sijaona fomu ya maelezo iliyojazwa na mtu yeyote kwa kosa hilo.

6. Kuhusu chanzo cha pili. Makala ya Mwalimu ilirudishwa mara nne kwa sababu moja. Mhakiki Namba Mbili, ambaye jina lake ni siri na mimi karani ndiye ninayelitunza, aliandika kila mara: "Utambulisho wa mtoa habari Mwenge haujathibitishwa. Kinahitajika chanzo cha pili kinachojitegemea." Mara ya kwanza Mwalimu alileta nakala ya jalada. Akaambiwa jalada ni chanzo kimoja hata likiwa na kurasa mia tatu. Mara ya pili alileta ushahidi wa jirani. Jirani, akaambiwa, ana hisia. Mara ya tatu jirani alikuwa amefariki, kwa hiyo hisia zilikuwa zimetulia, lakini hapo akaambiwa shahidi hawezi kuulizwa tena.

Sasa, kwa unyenyekevu, naona chanzo cha pili kimepatikana. Kimejitokeza chenyewe, na kilisema mbele ya watu arobaini, katika nyumba ya Mungu, kikiwa kimeshika mshumaa. Kinajitegemea kabisa na Mwalimu Veturia, maana hawajasalimiana tangu 1958. Tena ni chanzo chenye sifa za kitaaluma: ni Profesa Mstaafu, mwandishi wa vitabu vinne juu ya maadili ya ukimya. Sioni jinsi Bodi inavyoweza kutilia shaka ushahidi wa mwenyekiti wake. Naomba makala ihamishiwe kwenye folda nyekundu.

Naongeza jambo dogo la kiufundi. Mhakiki Namba Mbili alimalizia hakiki yake ya nne kwa maneno haya: "Mwandishi anaongozwa na hisia. Anafaa kufuatiliwa kwa karibu." Katika kiambatisho cha Mwalimu kuna taarifa ya Mwenge ya Machi 1958, ambayo inamalizika hivi: "Padri anaongozwa na hisia. Anafaa kufuatiliwa kwa karibu." Kwa mujibu wa Kanuni tunatakiwa kuripoti kila maandishi yanayofanana bila kutajwa chanzo. Naripoti kwamba Mhakiki Namba Mbili amechukua sentensi mbili za Mwenge bila kuweka tanbihi. Nina hakika ni uzembe tu, na tanbihi ikiongezwa yatakwisha.

7. Kuhusu masahihisho. Umeniagiza, Baba, kosa lisahihishwe "kimyakimya na mara moja." Nimeisoma Kanuni ya 7 mara kadhaa na inanizuia. Inasema kosa lolote lililotokea katika shughuli ya jarida lisahihishwe katika toleo linalofuata, ukurasa wa kwanza, na kwamba mstari wenye kosa unukuliwe wote kama ulivyokuwa. Kimyakimya haimo. Nimeandaa rasimu ifuatayo:

"MASAHIHISHO. Katika ibada ya Jumamosi ya Wafu, jina 'Grigore, Mwenge' lilisomwa kimakosa upande wa Waliolala. Lilipaswa kusomwa upande wa Walio Hai. Jarida linamwomba radhi Grigore, Mwenge, na kumtakia afya njema."

Nimejaribu kuondoa neno la pili, lakini bila hilo sentensi haieleweki. Wale akina Grigore watatu watadhani wao ndio wanaoombwa radhi, na fundi bomba ameshaanza kuuliza. Nimejaribu pia kuandika "mtu fulani," lakini mke wa Profesa hatapata faraja yoyote kwa kusikia kwamba mtu fulani ni mzima. Anachohitaji ni uthibitisho kwamba mume wake, huyohuyo aliyetajwa, yuko hai. Na kwa kuwa msomaji wa mbali atauliza Mwenge ni nani, Kanuni ya 9 inatutaka tumwelekeze kwenye maelezo kamili. Maelezo kamili yapo kwenye makala ya Mwalimu Veturia tu. Kwa hiyo masahihisho hayawezi kutoka bila makala kutoka katika toleo hilohilo. Niliipitia hoja hii mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea, kwa maana inanitisha hata mimi.

8. Ikiwa Bodi itakataa masahihisho. Hilo ni haki yake, nami nitatii. Lakini naomba basi nielekezwe kwa maandishi nimhesabu Profesa kuwa nani, maana karani hawezi kufanya kazi na mtu asiye upande wowote. Kumbukumbu pekee iliyopo sasa inasema amelala. Ikiachwa hivyo, nitalazimika kuweka jina lake ndani ya fremu nyeusi upande wa ndani wa jalada la jarida, kuondoa kiti chake kwenye kikao cha Desemba, na kuomba saini ya mjane kwa makala yake mpya juu ya msamaha, ambayo iko tayari kuchapwa. Nimekwisha kuuliza bei za mashada ya maua ili nisije nikakurupushwa.

Tena kuna tatizo kubwa zaidi. Sisemi Mhakiki Namba Mbili ni nani. Kanuni inanikataza, na mimi naogopa kanuni. Nasema tu kwamba, Profesa akihesabiwa kuwa marehemu, hakiki nne zilizo mezani kwangu zitakuwa zimeandikwa na marehemu, na hakiki ya marehemu haina nguvu. Makala ya Mwalimu itabaki na hakiki ya Mhakiki Namba Moja peke yake, ambaye aliandika, miaka minne iliyopita, neno moja: "Chapisheni."

Kwa hiyo, Baba, nimeigeuza karatasi hii kila upande. Profesa akiwa hai, makala inatoka kwa sababu ya masahihisho. Na akiwa amekufa, hakuna aliyebaki wa kuizuia. Naomba unisaidie kama kuna hali ya tatu ambayo sijaijua. Katika miaka yangu mitatu hapa nimesoma kila toleo, na nimejifunza kwamba enzi zile hali ya tatu ilikuwepo, na kwamba watu waliishi humo muda mrefu.

Kuhusu swali la mwisho la fomu, "Nani alikutuma?", nimeacha wazi. Si kwa ukaidi. Nilikaa na kalamu juu ya mstari ule nusu saa, nikajikuta nawapanga watu kichwani: nani alisema nini, nani alicheka kwenye ngano, nani ana sababu. Nilikuwa na majina matano tayari, moja la Bibi Zamfira. Nikaogopa jinsi yalivyokuja kwa urahisi. Nikafunika kalamu.

Nimalizie kwa kukusalimu wewe, Baba, na Mama Padri. Nisaidie kumsalimia Baba Ilarion, na umwambie miwani yake aliiacha juu ya dirisha la sakristia. Nawasalimu madaktari wote kumi na wanne wa Kitivo, mwimbaji, Bibi Zamfira na sufuria lake, fundi bomba Grigore pamoja na wenzake wa jina hilo, na Mama Anghelide, ninayemwombea usingizi. Profesa mwenyewe namtakia afya na umri mrefu, tena kwa moyo wote. Ni muhimu sana awepo.

Ni mimi, ninayetetemeka lakini nimeketi wima,

Ilinca Priboi
Karani wa Jarida (mpaka tarehe 31 Desemba)

N.B. Barua nilikwisha kuitia kwenye bahasha, nikaitoa. Hoja ya nne, ile niliyoifuta, ilisema hivi:

Baba Ilarion hapokei karatasi iliyopigwa chapa. Anasema jina la mtu lazima lipite kwenye mkono wa mtu. Kiambatisho cha Mwalimu Veturia kilikuwa kimepigwa chapa. Kwa hiyo haiwezekani kwamba folda zilichanganyika. Kuna mtu aliyeketi mezani Ijumaa mchana, wakati harufu ya ngano ya Bibi Zamfira inapanda ngazini, akayanakili majina yale kumi na moja kwa mkono, pamoja na yale ya siri, kwa herufi kubwa ili mzee asipate taabu ya kuyasoma. Nimeulinganisha mwandiko. Ni wangu.

Mwalimu Veturia alikuwepo kanisani, nyuma, karibu na nguzo. Mimi ndiye niliyempelekea teksi. Aliitikia "Bwana, hurumia" kwa wote kumi na mmoja, na kwa yule wa saba aliitikia kwa sauti kuliko watu wote. Nilipomsindikiza nje aliniambia, akipumzika kila baada ya maneno machache: "Nimemsikia, binti yangu. Na ameitika mwenyewe. Sasa hata wakiitupa makala yangu, sina neno."

Basi masahihisho hayahitajiki, Baba, wala folda nyekundu, wala yote niliyoyaomba kuanzia hoja ya kwanza mpaka ya nane. Mwenye makala hana neno tena.

Mimi bado ninalo.